Kifurushi cha Dirishani

Ghala lilikuwa na milango mikubwa ya kupitisha malori, na dirisha moja dogo lisilopitisha hata kichwa cha mtu mnene. Nyuma ya dirisha hilo ndipo alipokaa Bi Mihuri. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na huko ndiko lilikobaki. Makuli, madereva, walinzi, hata mama mkwe wake akiwa na hasira, wote walimwita Bi Mihuri kwa sababu ya mihuri yake mitatu ya mpira, aliyoipanga mezani kwa heshima zote. Mmoja ulisema IMEPAKIWA, wa pili IMEKAGULIWA, na wa tatu, ambao wino wake mwekundu aliununua kwa hela yake mwenyewe, ulisema TAYARI KUONDOKA. Lori lisilo na muhuri wa tatu halikutoka getini, liwe limebeba dhahabu au liwe limebeba ndala.

Kwa kawaida lilibeba ndala. Na sufuria, na mablanketi, na taa za mezani, na vitu vingine vyote ambavyo mtu hujiona hawezi kuishi bila hivyo mpaka vifike. Mwenye kampuni, ambaye kila mtu alimwita Tajiri, alianza na pikipiki moja, na siku hizo orodha ya mzigo ilikuwa ukurasa mmoja, tena haujai. Watu walipoanza kuagiza kwa simu wakiwa wamejilaza vitandani, mambo yakafumuka. Vifurushi vikawa vinaingia kama maji ya bomba lililopasuka, na kila kimoja lazima Bi Mihuri akiandike kwa mkono: namba yake, mpokeaji, mji, uzito, kilichomo. Juu aliandika kwa kalamu, na chini karatasi za kaboni zilitoa nakala ya dereva, ya ghala la upande wa pili, ya wakaguzi wa barabarani na ya kabati. Akilegeza mkono kidogo tu, nakala ya chini kabisa haisomeki hata kwa miwani.

Mumewe alikuwa dereva wa ghala hilohilo. Aliitwa Taratibu, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Aliendesha taratibu, alikula taratibu, na akiulizwa habari za asubuhi alifikiri kwanza ndipo ajibu kwamba ni nzuri. Zamani, wote wawili wakiwa wageni kazini, alikuja dirishani kuchukua orodha yake, akaisoma mstari kwa mstari, kisha akasema, "Samahani, dada. Hapa katikati sielewi. Naomba unisomee." Akasomewa. Kesho yake hapo katikati hapakueleweka tena. Bi Mihuri, ambaye mwandiko wake ulisifiwa tangu shuleni, siku ya kwanza alikasirika, ya pili akashangaa, na zilizofuata akaanza kujipaka mafuta ya midomo kabla lori lile halijasogea dirishani. Makuli waliona yote. Makuli huona kila kitu, maana mtu aliyebeba mzigo kichwani mikono yake ina kazi lakini macho hayana.

Wakaoana, na hapo ndipo taabu ilipoanza, wala haikuwa taabu ya ugomvi. Taratibu alipangiwa njia ya usiku. Aliondoka jua likizama, akafika mji wa pili, akalala ndani ya lori kumsubiri karani wa huko aje asubuhi kufungua ofisi na kuhesabu kifurushi kimoja kimoja, ndipo ageuze. Akifika nyumbani, mkewe ameshatoka zamani kwenda kazini. Mkewe akirudi, yeye yuko barabarani. Mke alipumzika Jumapili, siku ambayo mume alilala mchana kutwa kwa uchovu, na mume alipumzika katikati ya wiki, lori likiwa gereji ya mji wa pili, na kila walipoomba siku zao zilingane waliambiwa kwamba ratiba itaangaliwa. Kitanda chao kililaliwa kwa zamu. Hata hivyo walipata binti, akakua, akaolewa, na mama yake Taratibu, aliyehamia kwao uzeeni, hakuacha kushangaa.

"Hivi huyu mjukuu wangu alipatikana lini?" aliuliza.

"Likizo, mama," alijibu Bi Mihuri, huku akichambua mchele.

Utasema simu zipo. Zipo, ndiyo. Lakini Taratibu akiwa kwenye usukani hashiki simu, na akiwa ameegesha anafikiri kabla ya kujibu, kwa hiyo mkewe hudhani laini imekatika na kuikata kweli.

Basi kilichobaki kilikuwa lile dirisha. Bi Mihuri alilipanga lori la mumewe liwe la mwisho kila siku, na katika mzigo wake alichagua kifurushi kimoja kidogo akakiweka kando, dirishani, ili dereva aje akichukue kwa mkono wake. Malori mengine yakishatoka, Taratibu alisogea, akapewa chai kwenye kifuniko cha chupa, wakazungumza. Mama ameamkaje? Bomba la jikoni limetengenezwa au bado linalia usiku? Mtoto amepiga simu, anasemaje? Makuli walijitia kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Chai ikiisha, Taratibu alipokea kifurushi kile, na mnyapara wa makuli alipaza sauti, "Posa imepokelewa!" na ghala zima likapiga vigelegele. Vigelegele vya wanaume kwa kweli havipendezi, ila nia yao ilikuwa njema. Tajiri alikaa ghorofani, dirisha lake likitazama upande wa barabara, na jambo hili hakulijua.

Jambo alilolijua ni kwamba wateja wamechoka. Mwanamke mmoja aliagiza blanketi la mtoto akaletewa kikaango. Mzee mwingine alipokea viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto, na akapiga simu kuuliza kama kampuni inamjua vizuri kuliko anavyojijua mwenyewe. Malori yalichelewa kutoka kwa sababu ya kusubiri kuandikwa, na yaliyofika yalikwama kwa sababu ya kusubiri kuhesabiwa. Bi Mihuri mwenyewe alikuwa na uvimbe kwenye kidole cha kalamu. Asubuhi moja Tajiri aliteremka ngazi akiwa na msichana mwenye miwani na viatu vya raba, akamtambulisha kuwa ndiye Injinia, amekuja kubadilisha kazi yote ya orodha.

Injinia alikuwa na adabu zake. Aliamkia kila mtu shikamoo, hadi mlinzi wa geti ambaye hakuwa mkubwa kiasi hicho na alichukia siku nzima. Kisha akaeleza. Kila kifurushi kitabandikwa karatasi ndogo yenye mistari myeusi. Kuli akikiingiza kwenye lori, atakielekezea kimashine cha mkononi, kimashine kitalia ti! na kifurushi kitajiandika chenyewe kwenye orodha. Vyote vinavyotakiwa vikishaingia, orodha inajifunga na kwenda yenyewe kwenye simu ya dereva, kwa ghala la upande wa pili na kwa wakaguzi. Geti litafunguka kwa lori ambalo orodha yake imefungwa, basi. Hakuna kaboni tena.

"Na muhuri?" aliuliza mnyapara, kwa niaba ya mtu ambaye wote walimtazama.

"Hautahitajika, baba."

Bi Mihuri aliupokea msiba wa mihuri kwa ushujaa kuliko walivyotarajia. Aliuliza swali moja tu. "Mwanangu, na lori la mwisho litakuwa lipi?"

"Hakuna la mwisho, mama. Litakalojaa kwanza litatoka kwanza."

Bi Mihuri alipiga hesabu upesi. Mzigo wa mji wa pili ndio uliokuwa mwingi kuliko wote na ulipangwa karibu kabisa na mlango. Lori la Taratibu lingekuwa la kwanza kujaa kila siku ya Mungu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Bi Mihuri alijifunza ile kazi upesi, maana akili haikuwahi kumpungukia. Akapewa meza ya kubandika mistari na kioo cha kompyuta cha kuangalia orodha zote zikijaa. Kidole chake kikapona. Kikaango kikaenda kwa mwenye kikaango. Lakini saa ambayo lori la mumewe liliondoka ndiyo saa aliyozama katika vifurushi hadi shingoni, na Taratibu, akisukumwa na honi za walio nyuma yake, alipita mbele ya dirisha akapiga honi mbili. Bi Mihuri aliinua mkono wenye karatasi za mistari vidoleni. Hayo ndiyo yakawa mazungumzo yao yote. Hakujua tena kama bomba la jikoni limetengenezwa mpaka alipofika nyumbani na kulisikia.

"Una nini siku hizi?" mama mkwe alimuuliza usiku mmoja. "Kazi imepungua, uso umerefuka."

"Namkosa mwanao, mama."

"Si mmeoana?"

"Ndiyo hayo."

Kilichofuata ni ujinga, na sitakipaka rangi. Jioni moja Bi Mihuri alijiambia kwamba mara moja tu haina madhara. Katika vifurushi vya mji wa pili alikuta kimoja chepesi, chujio la chai lililofungwa vizuri, akalibandika mistari yake kama sheria inavyotaka, kisha badala ya kulipeleka kwenye mkokoteni akalitia ndani ya sweta. Alikuwa ameandaa na chupa ya chai. Katika mawazo yake mambo yangekwenda kama zamani. Lori lisingefunga orodha, Taratibu angekuja dirishani kuuliza, wangezungumza kidogo, naye angesema, lo, kumbe kiko hapa.

Alichosahau ni kwamba zamani lori la mumewe lilikuwa la mwisho, na sasa lilikuwa la kwanza. Njia ya kutokea ilikuwa moja. Lori la Taratibu likasimama mdomoni mwa geti kama kizibo, na kioo cha kompyuta kikaandika kwa maandishi mekundu kwamba kifurushi kimoja hakijasomwa. Nyuma yake likasimama la pili, la tatu, mpaka mkia ukafika kwenye matangi ya maji. Honi zikaanza. Taratibu akashuka akielekea dirishani, lakini Injinia akawa amemtangulia.

"Msiwe na wasiwasi," alisema, huku wasiwasi umemjaa yeye mwenyewe. "Kimoja tu. Tukitafute."

Wakatafuta. Na hapa lazima niwasifu makuli, maana kila mmoja wao alijua kifurushi kile kiko wapi. Walikuwa wamekaa na posa miaka nenda rudi, wangekosaje kujua? Hata mmoja hakufungua mdomo. Waliinua mbao, wakachungulia chini ya mizani, wakapekua mapipa ya taka kwa bidii ambayo kazini haikuwahi kuonekana. Mmoja alipanda juu ya paa la lori kuangalia kama kiko angani.

"Labda panya," alisema mnyapara.

"Panya abebe kifurushi?" aliuliza Injinia.

"Wa hapa wamekomaa."

Taratibu alisimama katikati ya uwanja, akamtazama mkewe kupitia dirishani. Alijua. Bi Mihuri aliona kwamba anajua, akainamisha uso kwenye karatasi za mistari kana kwamba zina habari ya kusomwa.

Honi zilimtoa Tajiri ghorofani. Aliteremka na kalamu bado sikioni, akatazama mkia wa malori, na mishipa ya shingo ikamsimama. "Lori la nani limeziba hapo?"

"Langu," alijibu Taratibu.

"Mzigo wako umepungua?"

Taratibu alifikiri. Kufikiri kule kulimchoma Tajiri kuliko jibu lolote. "Mtu asiyejua kilichomo ndani ya gari lake hafai njia hii," alisema. "Mnyapara! Kuanzia kesho huyu mpelekeni njia ya mbali, ile ya mpakani. Njia hii apewe mwenye macho."

Makuli waliacha kutafuta. Njia ya mpakani dereva akiondoka, nyumbani walimwona baada ya wiki, pengine na zaidi, amekonda, ana vumbi mpaka kwenye kope.  Bi Mihuri alikuwa ametaka kuiba dakika chache za chai, na sasa alikuwa anaelekea kupoteza hata zile honi mbili. Taratibu hakujitetea. Alifunga tu kifungo cha shati kilichokuwa wazi, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Bi Mihuri akatoka. Kutoka kwenyewe kulikuwa habari, maana kazi yake yote ilikuwa ya kukaa ndani watu wakimfuata. Alipita katikati ya makuli, akafika mbele ya Tajiri, akatia mkono ndani ya sweta na kutoa kifurushi.

"Hiki hapa."

"Kilikuwa wapi?"

"Kwenye sweta."

"Kilifikaje kwenye sweta?"

"Nilikitia."

Tajiri alikigeuza kifurushi, akasoma. "Chujio? Bi Mihuri, baada ya miaka yote hii, unaniibia chujio?"

"Chujio ninalo nyumbani, Tajiri. Niliyekuwa ninamwiba ni mume wangu." Alishaanza na hakuona faida ya kuishia njiani. Alisema yote. Kitanda cha zamu, ratiba itakayoangaliwa, lori la mwisho, chai kwenye kifuniko. "Nyumbani hatuonani. Hapa ndipo tulipokuwa tunaonana. Mashine ni nzuri, sina ugomvi nayo, imeniponya kidole. Lakini inamtoa wa kwanza, na mimi ninampenda. Kosa ni langu, usimpeleke mpakani."

 Dereva wa lori la nyuma kabisa, ambaye hakusikia kitu, alipiga honi, akazomewa.

"Tajiri," alisema Taratibu. Wote wakasubiri. "Kosa ni letu sote. Mimi ndiye niliyemzoesha. Ule mwandiko wake wa zamani... haukuwa na kasoro hata siku moja."

Hilo hakuwahi kulikiri tangu waoane. Makuli wakaangua kicheko, na Bi Mihuri, machozi yakimtiririka, akampiga mumewe kofi la bega ambalo halikuumiza mtu.

Tajiri hakucheka. Alikuwa na haki yake. "Chujio hili lina mwenyewe," alisema. "Amelilipia, anakunywa chai yenye majani akilisubiri. Nyinyi mnapendana kwa mali ya watu."

Aliyeokoa jahazi alikuwa Injinia, wala hakuwa anakusudia kuokoa kitu. Alikuwa tu na lake lililomkera. "Samahani, baba," alimwambia Taratibu. "Ukifika kule unasubiri nini mpaka asubuhi?"

"Nasubiri karani aje ahesabu."

"Lakini vimeshahesabiwa. Orodha inafika kule kabla wewe hujamaliza hata nusu ya njia."

"Inafika. Karani haiamini."

Injinia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Yaani mnalala garini kumsubiri mtu ahesabu vitu vilivyokwisha kuhesabiwa? Makuli wa usiku wapo kule. Wangevisoma kwa kimashine wakati wa kushusha, wakakuta vinalingana, mngegeuza saa hiyohiyo." Akamgeukia Bi Mihuri. "Mama, mumeo angekuwa nyumbani alfajiri. Kabla hujatoka."

Bi Mihuri alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa.

Tajiri pia alikuwa ameelewa, kwa njia yake. Lori linalorudi alfajiri ni lori linaloweza kupakiwa tena mapema. Uso wake ulilainika bila yeye kuupa ruhusa. "Na kikipungua kimoja?" aliuliza.

"Kikipungua kimoja, wanasimama na kuhesabu vyote upya. Atalala hukohuko."

"Basi sikilizeni. Mpakani nimeahirisha." Akamrudishia Bi Mihuri chujio. "Kikipotea kingine, ataondoka kesho yake, nawe utamtazama kwa picha. Fungueni geti."

Kuanzia siku hiyo ghala lilipata dikteta. Bi Mihuri aliyelia kwa ajili ya lori la mwisho sasa alisimama mlangoni mwa lori la kwanza, mikono kiunoni, akihakikisha hakuna hata kijiko kinachoingia bila kulia ti! Kuli akibandika mistari kwenye kona, ambako kimashine hakisomi vizuri, aliitwa arudi. Kuli akisoma kifurushi kimoja mara mbili kwa kusinzia, alioneshwa kioo na kuulizwa kama ameona pacha. "Kisome!" ndilo lilikuwa neno lake, mpaka makuli wakawa wanalisema usingizini na wake zao wanawaamsha.

"Tulikufichia siri yako," alinung'unika mnyapara, "leo unatuumbua."

"Kisome hicho ulichoshika," alijibu Bi Mihuri.

Ulibaki ukuta mmoja, nao ulikuwa karani wa ghala la upande wa pili. Bi Mihuri hakuwahi kumwona. Alimjua kwa sahihi yake tu, ndefu yenye mkia. Alimpigia simu.

"Orodha umeipata?"

"Nimeipata, bibi. Lakini kitu cha kwenye simu sikiamini. Mimi nahesabu kwa macho yangu, napiga muhuri wangu, ndipo gari ligeuke."

Katika maneno yale Bi Mihuri alijisikia mwenyewe wa zamani. "Una mihuri mingapi?" aliuliza.

"Miwili."

"Mimi mitatu. Nimeifunga kwenye soksi nikaitia kabatini. Nililia, sikufichi."

 "Ulilia sana?"

"Soksi ililowa. Sasa nakuuliza, ndugu yangu, mkeo unamwona saa ngapi?"

"Saa zote. Ndiyo maana nawahi kazini."

Bi Mihuri alikaribia kukata tamaa, lakini alicheka, naye yule akacheka, na waliocheka pamoja huwa wepesi kupatana. Walikubaliana kujaribu. Makuli wa usiku wangesoma kwa kimashine, naye asubuhi ahesabu kwa macho yake mpaka aridhike. Alihesabu siku ya kwanza, vikalingana. Alihesabu ya pili, vikalingana. Baada ya hapo alipiga simu mwenyewe, kwa huzuni kidogo, kusema kwamba amechoka kukuta wenzake wako sahihi, na kwamba kuanzia jioni ile gari lisimsubiri.

Alfajiri iliyofuata, nyumba ikiwa bado ina giza kwenye kona, mlango wa Bi Mihuri uligongwa. Alikuwa jikoni amejifunga kitambaa cha kulalia kichwani, anapuliza mkaa.

"Usifungue!" alisema mama mkwe kutoka chumbani. "Saa hizi hakuna mtu mwema."

Bi Mihuri alishika mwiko, akasogea. "Nani?"

Kimya. Kimya kirefu. Na kwa kimya kile akajua, maana mwizi angejibu haraka.

Alifungua. Taratibu alisimama kizingitini na mfuko wake wa safari, akionekana kama mtu aliyefika kwa watu asiowajua vizuri. "Mimi," alisema hatimaye.

Waliketi mezani. Walizoea kuonana wakiwa na ukuta katikati na makuli pembeni, na sasa kila mmoja alitazama kikombe chake. Mama mkwe alijikokota na kigoda chake, akakaa kati yao, akamtazama huyu, akamtazama yule, kama mtu anayetazama mpira.

"Barabara?" aliuliza Bi Mihuri.

"Nzuri."

"Bomba umelisikia?"

"Nimelisikia."

Mama mkwe aliinuka. "Nakwenda nje kuota jua."

"Jua halijatoka, mama."

"Nitalisubiri," alisema, akabeba kigoda chake na kuufunga mlango.

Taratibu alimtazama mkewe akifungua kitambaa, akichana nywele, akichagua gauni moja, akaliacha, akachukua lingine. Hakuwahi kuliona hilo tangu waoane isipokuwa kwenye likizo, na likizo watu hawavalii kazi. "Kumbe huwa unatoka hapa umependeza hivi," alisema, tena bila kufikiri kwanza. Bi Mihuri alishika mkoba wake, akafika mlangoni, akasimama. Kisha akauweka mkoba juu ya meza, akavuta kiti chake mpaka kikagusana na cha mumewe, akammiminia chai nyingine.

Alipofika ghalani kazi ilikuwa imeanza zamani. Vimashine vilikuwa vinalia, malori yanapakiwa, orodha zinajaa zenyewe kwenye kioo, na hakuna kitu hata kimoja kilichokuwa kinamsubiri. Mnyapara alimkimbilia kwa wasiwasi, akamuuliza kama anaumwa.

"Sijambo kabisa," alisema Bi Mihuri. "Nilikuwa nyumbani, nazungumza na mume wangu."